Mwanangu, mahindi hayali mbolea

Kisumu

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Huku nyumbani sote tu wazima. Nimelifungua daftari lako la biolojia ulilolisahau mezani, nikakuta umeandika kwamba mmea hupata chakula chake udongoni kupitia mizizi. Ni jibu ambalo wengi wangelitoa, na usemi wetu wenyewe unalisaidia, maana hata dukani mbolea huitwa chakula cha mimea. Lakini si sahihi, na nataka ujue kwa nini kabla hujaikalia karatasi ya tatu ya mtihani wa biolojia.

Anza na hesabu. Chukua ekari moja ya mahindi iliyotoa magunia 20 ya kilo 90. Hizo ni kilo 1,800 za punje peke yake. Mabua, majani, magunzi na mizizi hujavipima. Mbolea iliyoingia ni mfuko wa kilo 50 wa DAP wa kupandia na mfuko wa kilo 50 wa CAN wa kukuzia. Zimeingia kilo 100, zimetoka kilo 1,800 na ushei, na shamba halijawa shimo. Uzito huo wote umetoka wapi?

Mwanasayansi Jan Baptist van Helmont wa Brussels alijiuliza swali hilo hilo. Alipanda mche wa kilo 2 hivi kwenye udongo mkavu wa kilo 91, akaumwagilia maji tu kwa miaka 5. Mti ukafika kilo 77, na udongo ulipokaushwa na kupimwa tena ulikuwa umepungua gramu 60 hivi. Akakata shauri kwamba mti wote ni maji. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1648, yeye ameshafariki. Kuhusu udongo alikuwa sawa. Alichokisahau ni hewa.

Katika kila lita 10,000 za hewa, kabonidioksidi ni kama lita 4 tu, lakini ndimo inamotoka kaboni yote ya mhindi. Ili kupata gramu 180 za glukosi, yaani sukari yake, mmea hutumia gramu 264 za kabonidioksidi na gramu 108 za maji, kisha hutoa gramu 192 za oksijeni. Jumlisha pande zote mbili uone: 372 kwa 372. Mwanga haumo kwenye mizani hiyo hata kidogo. Jua haligeuki kuwa sukari. Kazi yake ni kutoa nguvu.

Nguvu hiyo huingilia kwenye kloroplasti, vijisehemu vya kijani vilivyo ndani ya seli za jani. Ndani yake mna vitando vyembamba, thailakoidi, vilivyorundikwa kama chapati kwenye sahani, na klorofili, ile rangi ya kijani, imo humo. Hunyonya mwanga mwekundu na wa bluu, ule wa kijani mwingi ukarudi au kupita, ndiyo maana jani tunaliona kijani. Mwanga ukiipiga klorofili, elektroni moja hupata nguvu na kung'oka. Pengo lake lazima lizibwe, na huzibwa na maji: kikundi cha atomi 4 za manganizi na 1 ya kalsiamu huchana molekuli 2 za maji na kutoa elektroni 4, protoni 4 na molekuli 1 ya oksijeni. Hapa shika vizuri: oksijeni tunayoivuta imetoka kwenye maji, si kwenye kabonidioksidi. Wanasayansi Ruben na Kamen walilionyesha hilo Marekani mwaka 1941 kwa kutumia maji yenye oksijeni nzito.

Elektroni zikipokezanwa kwenye utando, protoni husukumwa na kujazana upande wa ndani. Hazina njia ya kurudi ila kupitia kimeng'enya (enzaimu) kimoja kinachozunguka, kama maji ya Sondu-Miriu yanavyoshuka kwenye bomba na kuzungusha mtambo wa stima. Kila kikizunguka hutengeneza ATP, molekuli inayobeba nguvu ndani ya seli. Elektroni zenyewe huishia kwenye NADPH, molekuli nyingine inayozibeba. Kufikia hapo mwanga umeshakuwa nguvu ya kikemia, ila sukari bado.

Sukari hutengenezwa nje ya zile chapati, kwenye majimaji ya kloroplasti. Kimeng'enya kiitwacho rubisko hukamata kabonidioksidi na kuiunganisha na sukari yenye kaboni 5. Molekuli 3 za kabonidioksidi, ATP 9 na NADPH 6 hutoa sukari moja ndogo ya kaboni 3, na mbili za namna hiyo hufanya glukosi. Melvin Calvin alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1961 kwa kuufuatilia mfululizo huu wa hatua. Vitabu vingine huuita hatua ya giza, na jina hilo limepoteza wanafunzi wengi. Haufanyiki usiku. Unafanyika mchana huo huo, kwa sababu ATP na NADPH zikiisha, nao unasimama.

Rubisko ina kasoro. Ni ya polepole, na kukiwa na joto huchanganya oksijeni na kabonidioksidi. Saa saba mchana uwandani Kano hapa Kisumu, mpunga hufunga stomata, vile vitundu vya jani vya kupitishia hewa, ili usikauke, kabonidioksidi ndani ya jani hupungua, na rubisko huanza kukamata oksijeni, nguvu ikapotea bure. Maharagwe na sukuma wiki hupata hasara hiyo hiyo. Mahindi, mtama na miwa vina pampu: hukamata kabonidioksidi kwanza kwa kimeng'enya kingine kisichodanganyika, kisha huisukuma kwa wingi hadi seli zilizozunguka mishipa ya jani, ambako rubisko inangoja.

Basi mbolea ni ya nini? Ni ya kujenga jiko, si unga wa ugali. Naitrojeni huenda kwenye klorofili, na nyingi zaidi kwenye rubisko. Ikikosekana, majani ya chini ya mhindi huwa manjano kuanzia nchani, yakifuata mshipa wa kati kama herufi V. Magnesi ndiyo iliyo katikati ya kila molekuli ya klorofili. Ikipungua, manjano huonekana kati ya mishipa, nayo mishipa ikabaki kijani.

Sasa jaribio la wanga, maana huko ndiko alama hupotea. Tumia mmea wa maharagwe kwenye kopo. Usitumie kitunguu: majani yake huweka sukari, si wanga, na utapata jibu la uongo. Uweke gizani saa 48 ili utumie wanga wake wote; ukiruka hatua hii, jani zima litageuka jeusi ukilitia iodini, hata ulipofunika. Kisha funika sehemu ya jani kwa foili, juu na chini. Ukifunika juu tu, mwanga hupenya kwa chini. Uache juani saa 5 au 6.

Chuma jani, lichovye kwenye maji yanayotokota kwa dakika moja ili seli zife na utando ulegee. Halafu zima moto kabisa. Spiriti hutokota kwenye nyuzi 78 na mvuke wake hushika moto upesi, kwa hiyo neli yenye spiriti na jani huwekwa ndani ya maji ya moto, haiwekwi juu ya moto. Klorofili itatoka, spiriti iwe kijani, jani liwe jeupe na gumu kama karatasi. Lirudishe kwenye maji ya uvuguvugu lilainike, litandaze kwenye sahani nyeupe, na ulingoje lipoe. Wanga ukiwa wa moto, rangi ya iodini hutoweka, nawe utadhani hakuna wanga. Iodini ya duka la dawa iongeze maji hadi iwe na rangi ya strungi nyepesi, kisha uidondoshe juu ya jani. Palipopata mwanga patakuwa bluu-nyeusi, palipofunikwa patabaki na rangi ya iodini.

Na lile jaribio la kuhesabu mapovu ya oksijeni, usiende ziwani kuchukua gugu maji. Majani yake yako hewani, oksijeni yake haitapita majini ukaiona. Tafuta mmea unaozama mzima, utie chembe ya baking soda ili pawe na kabonidioksidi, na usitumie maji yaliyochemshwa kwa kuwa hewa yake imeshatoka. Taa ukiisogeza kutoka sentimita 10 hadi 20, mwanga unabaki robo, si nusu. Weka glasi ya maji kati ya taa na mmea, la sivyo utakuwa unapima joto.

Daftari nitakuletea siku ya kuwatembelea, pamoja na foili na chupa ya iodini.

Mama yako