Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: tuokoe vizazi vya minazi iliyohimili ugonjwa

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia nikiwa mkulima wa minazi hapa Bagamoyo. Ugonjwa wa kunyong'onyea unaanza kwa kupukutisha vidaka. Kisha maua yanatoka meusi ndani ya karara, makuti yanageuka manjano, na mwisho kilele chote kinaanguka, mti unabaki kama nguzo ya simu. Dawa ambayo mkulima anaweza kuimudu haipo. Lakini katika mashamba yaliyoteketea utakuta minazi mirefu michache bado inazaa. Hiyo ndiyo ninayoiombea.

Mnazi hautoi machipukizi pembeni kama mgomba. Una kilele kimoja, ukikikata umeua mti. Mbegu yake ni nazi nzima, nzito, isiyowekeka ghalani kwa muda mrefu, na ukiisafirisha unaweza kusafirisha na wadudu. Hapo ndipo maabara inapohitajika. Chini ya lile jicho laini la nazi kuna kiinitete, yaani mche mchanga uliomo ndani ya mbegu, kisichozidi sentimita moja. Mtaalamu hukitoa kwenye nazi ya miezi 10 hadi 12, hukisafisha kwa klorini na kukitia ndani ya chupa yenye sukari, madini na unga wa mkaa. Hukaa gizani kwa wiki kadhaa, kikichipua hupelekwa kwenye mwanga. Ufilipino walianza kazi hii miaka ya 1960 kwa ajili ya macapuno, aina ya mnazi ambao nazi zake haziwezi kuota zenyewe.

Usikubali kuahidiwa miujiza, Mheshimiwa. Kiinitete kimoja hutoa mche mmoja. Mwaka 2021 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza njia ya kuzidisha machipukizi kutoka kwenye kilele cha mche wa chupa, na huko wingi unaweza kupatikana. Hata wao wanaanza na kiinitete.

TARI Mikocheni, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, ina uzoefu mrefu wa minazi. Naomba bajeti ijayo iipe fedha za kupita mashambani na kuitia alama minazi iliyohimili kabla haijapasuliwa mbao. Mbao za mnazi zina soko, na mwenye ada ya shule ya kulipa hawezi kungoja utafiti. Basi alipwe, auache mti wake. Fedha nyingine zijenge kitalu chenye kivuli na unyevu wa kutosha. Mche wa chupa una majani laini yasiyozoea jua wala upepo, na mingi hufa inapohamishiwa kwenye udongo, baada ya miezi ya kazi na gharama.

Minazi mirefu huchavushana, hivyo hakuna hakika kwamba mtoto atarithi uhimilivu wa mama. Miche hiyo ipandwe palepale penye ugonjwa, siyo kituoni tu. Shamba langu lina nafasi, nami niko tayari kulitoa kwa jaribio hilo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa minazi, Bagamoyo