Kelele ya Mugunga

Goma, Himbi
Jumapili jioni

Mwanangu Furaha,

Ulipopiga simu juzi ukicheka na kulia kwa pamoja, nilikujibu kwa kifupi kwa sababu mama yako alikuwa amekaa pembeni yangu anachambua maharagwe, na yale niliyotaka kukuambia yanamgusa na yeye. Kwa hiyo naandika. Barua utaipata kwa yule mama wa Birere anayeshuka Bukavu na boti ya usiku. Imo ndani ya kimfuko cha sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwani, pamoja na fromaji moja, jibini ya Masisi. Fromaji uifunike vizuri. Sababu unaijua.

Umeniuliza kama uko na kichwa kizima. Msichana wa miaka 18, anayesomea uuguzi, ambaye ameosha vidonda vya watu bila kukunja uso, amelala barazani usiku kucha huku mvua ya Bukavu inamrushia, kwa ajili ya kombamwiko mmoja aliyeingia chini ya kitanda. Wenzako wamekucheka wiki nzima. Mmoja akakutumia picha ya kombamwiko, ukaitupa simu, kioo kikapasuka. (Hela ya kioo nitatuma mwisho wa mwezi. Mshahara wa mwalimu unaujua.)

Kichwa chako ni kizima. Na kama si kizima, basi ni ugonjwa wa ukoo, na mimi ndiye wa kwanza kuulizwa.

Unaukumbuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Ilikuwa Jumamosi, tulikuwa bado tunakaa Majengo, na mbingu upande wa volkano ya Nyiragongo ikawa nyekundu kama jiko la makala lililopulizwa. Mama yako akambeba mdogo wako mgongoni. Wewe ulichukua bidoni ya maji na mfuko wa shule. Nikakuuliza vitabu vya nini, ukasema Jumatatu kuna interogasio, jaribio la darasani. Mimi nilijitwika lile godoro la sponji, nimelikunja na kulifunga kamba, tukafuata barabara ya Sake pamoja na mji mzima.

Kitu ninachokumbuka zaidi ni ukimya. Watu wengi namna ile, na huwasikii. Unasikia ndala zikipiga lami, mbuzi mmoja mmoja, na mtu akimuuliza mwenziwe kwa sauti ya chini: imefika wapi? Mimi mwenyewe nilikuwa natembea na hesabu kichwani. Mwaka 2002, tarehe 17 Januari, nilishaona lava ikikata katikati ya mji mpaka ikamwagika ziwani, kwa hiyo nilikuwa na kipimo. Nilijua inakimbia kiasi gani kwenye mteremko na inavyochoka ikifika tambarare. Hofu nilikuwa nayo, lakini ilikuwa hofu unayoweza kukaa nayo mkaongea.

Halafu pale Mugunga nikapiga ule ukelele.

Unakumbuka kilichofuata. Watu wote waliokuwa karibu wakaanza kukimbia. Mama mmoja akatupa beseni lake. Kijana aliyekuwa na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, iliyojaa masufuria akaenda nayo mtaroni, masufuria yakalia kama kengele za kanisa, na waliokuwa nyuma wakadhani lava imetufikia. Ukaniuliza, "Papa, kuna nini?" Nikakujibu nimejikwaa kwenye jiwe. Hadithi hiyo mnaisimulia kila Noeli, Papa alivyojikwaa Mugunga, na mimi nacheka pamoja nanyi.

Sikujikwaa, mwanangu. Kuna kitu kilinitambaa shingoni. Kilienda polepole, kikasimama, kikatikisika kidogo, kikaendelea. Nilijua ni kinyonga. Sisemi nilidhani, nilijua, kama ninavyojua jina langu. Ilikuwa ncha ya kamba ya godoro. Volkano iko mgongoni mwangu nimeinyamazia, nikaja kupigia kelele kamba ya katani.

Sasa cheka vizuri, halafu uendelee kusoma.

Mimi nafundisha biolojia, wewe mwenyewe umekaa darasani kwangu. Nani anamjua kinyonga kuliko mimi? Hana sumu. Hana mwiba. Macho yake yanazunguka kila moja kivyake, ulimi wake ni mrefu kuliko mwili wake, na rangi haibadilishi hasa ili ajifiche kama watu wanavyosema. Anabadilika kwa hasira, kwa baridi, kwa kutongoza jike. Mwaka 2015 watafiti wa Geneva walionyesha kwamba ndani ya ngozi yake mna fuwele ndogo mno, na akizitanua au kuzikaza mwanga unarudi na rangi nyingine. Huku kwenye milima yetu tuna yule ambaye dume lake lina pembe tatu usoni. Nikimchora ubaoni kwa chaki za rangi, darasa zima linanyamaza. Lakini mwanafunzi akija na kinyonga hai ndani ya boksi, nasema leo tuna marudio. Miaka yote hiyo hakuna aliyegundua, ila labda prefe, mkuu wetu wa shule, na yeye anaogopa popo.

Ilikotoka najua. Nilikuwa na miaka sita, kule Masisi, nimemfuata nyanya yako shambani. Ndiye uliyerithi jina lake, na watu wanasema hata mwendo. Alikuwa mwanamke wa kumkemea askari. Akainamisha tawi la mparachichi, akamwona kinyonga mbele ya pua yake, akapiga ukelele ambao mpaka leo ninausikia, akatupa jembe, akakimbia akiniacha mimi pale. Nilibaki peke yangu na yule mnyama. Hakunifanya kitu. Alinitazama kwa jicho moja, lingine likatazama mlima. Lakini jambo lilikuwa limeshaingia: kama Mama amemkimbia, ndiye mwenye kukimbiwa.

Kuna watafiti huko Marekani, mmoja wao anaitwa Susan Mineka, waliofanya jambo hilohilo na kima. Kima waliozaliwa kizimbani hawakuwa na habari na nyoka. Wakaonyeshwa video ya kima mwenzao akimwogopa nyoka, wakaanza kumwogopa nyoka. Halafu video ikatengenezwa ionekane kama yule mwenzao anaogopa maua. Maua hawakuyaogopa. Maana yake, mwili una baadhi ya hofu ambazo unakaa tayari kuzipokea, unangoja mtu mmoja tu apige kelele. Nyanya alinipigia mimi. Na wewe nani alikupigia?

Ndiyo maana sikutaka kuongea mbele ya mama yako.

Ulikuwa na miaka mitatu hivi. Tulikuwa tunakula. Kombamwiko akapanda ukingo wa sahani ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, akasimama na zile ndevu zake zinacheza hewani. Mama yako alikuwa juu ya kitanda kabla mimi sijaelewa kitu, amekubeba kwa mkono mmoja kama mfuko, na wewe uliona uso wake kwa karibu sana. Yule kombamwiko mwenyewe nadhani hata hukumwona. Uliona uso.

Lakini usimcheke mama yako. Mwezi wa Julai 1994 alikuwa msichana hapa Goma, wakimbizi wa Rwanda walipofika kwa mamia ya maelfu na kipindupindu kikaingia kati yao. Kwa wiki chache walikufa maelfu kwa maelfu, kandokando ya barabara zilezile tunazopita leo. Hakuchimbika kaburi, chini ni jiwe tupu. Tangu hapo kwake mambo ya choo na mambo ya sahani ni nchi mbili zenye mpaka, na yeyote anayevuka, awe nzi au kombamwiko, anamwona kama jeshi. Wewe umerithi ukelele bila kurithi habari zake.

Hiyo yenu wawili si hofu hasa, ni kinyaa, na kinyaa kina ukaidi wake. Mtafiti mmoja wa Marekani, Paul Rozin, alichukua kombamwiko aliyekufa, akahakikisha vijidudu vyake vyote vimeuawa, akamchovya kwenye glasi ya juisi, akawaambia watu kunyweni, ni safi kabisa. Watu walielewa kwamba ni safi, na bado walikataa. Nilipolisoma hilo nilifurahi kwa sababu linasema hali yangu ilivyo. Kujua kuna mlango wake na kuogopa kuna mlango wake, na mimi nimekuwa nikigonga mlango mmoja miaka yote nikingoja afunguaye atoke kwenye mwingine.

Nikupe na hili la hapa kwetu, kwa sababu linanisumbua zaidi kuliko kinyonga. Baada ya usiku ule wa Mugunga niliwahi kupeleka wanafunzi kuangalia shimo la mazuku upande wa ziwani. Unajua mazuku: hewa ya kaboni inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa yetu, inatulia mabondeni kama maji. Haina rangi. Asubuhi pasipo na upepo inajaa, na anayeinama au kulala humo haamki. Watoto na mbuzi ndio huenda kwanza kwa sababu wako chini. Nikafunga mshumaa kwenye fimbo ndefu, nikauteremsha. Kwa urefu wa goti juu ya ardhi ukazimika, taratibu, kama mtu ameubana kwa vidole. Humo shimoni kulikuwa na mjusi amekufa na ndege mdogo, mabawa wazi. Wanafunzi wakatazama, wakaandika. Mmoja akapiga miayo.

Tunarudi, jongoo akapanda kiatu cha msichana mmoja. Jongoo! Anayekula majani makavu! Msafara wote ukasambaratika, daftari mbili zikapotea, mvulana mkubwa kuliko wote akapanda ukuta wa mawe wa watu, na mwenye nyumba akatoka na fimbo.

Nilikasirika, nikawapigia hotuba. Usiku nikaikumbuka Mugunga, nikaona aibu ya hotuba. Mazuku hayana miguu. Hayana manyoya, hayatambai, hayakutazami. Macho hayana pa kushika. Mbu naye, anayeua watu kwa malaria kila mwaka kuliko nyoka wote wa dunia, tunampiga kofi huku tunaendelea na stori.

Hata wakubwa wa sayansi hawakupona. Charles Darwin alikwenda bustani ya wanyama ya London, akabandika uso kwenye kioo kinene, ng'ambo yake bafe, yule nyoka mnene anayevimba. Akaapa moyoni kwamba nyoka akirusha kichwa yeye hatasogea. Nyoka akarusha, Darwin akajikuta yuko nyuma yadi moja au mbili. Aliyaandika mwenyewe bila kuficha. Mimi ningesema nimejikwaa.

Sasa kuhusu wewe. Wenzako wanaosema watakurushia kombamwiko ili uzoee, wakatalie kwa ukali. Hiyo haizoeshi, inaongeza. Njia iliyo na maana ni ya zamani. Mwaka 1924 Mary Cover Jones, huko New York, aliandika habari za mtoto mdogo aitwaye Peter aliyeogopa sungura. Alikuwa anapewa chakula anachokipenda, na sungura anawekwa mbali ndani ya kizimba. Siku nyingine kizimba kinasogezwa kidogo, kwa kiasi ambacho mtoto bado anaweza kuendelea kula. Akikataa kula, kinarudishwa. Mwishoni Peter alikuwa anamchezea yule sungura kwa mikono yake.

Kwa hiyo tafuta kombamwiko aliyekufa. Mwombe yule mwenzako wa picha amuue, hiyo ndiyo fidia ya kioo. Amtie ndani ya chupa ya mayonezi yenye kifuniko, aiweke mwisho wa chumba, na wewe ukae upande wa pili ukate fromaji. Usijilazimishe. Ukiona fromaji haipiti kooni, chupa irudi nyuma.

Na usinidhani nakupa dawa nisiyoinywa. Mdogo wako amepata kinyonga, sijui wapi, amemweka kwenye mti wa avoka ulio karibu na choo, na amempa jina langu. Kwa siku tatu za mwanzo nilikuwa natumia choo cha jirani, nikisema chetu kinanuka. Sasa kila asubuhi natoka na kikombe cha chai na andazi, nasimama pale lilipo jiwe langu la alama, nakunywa. Wiki iliyopita jiwe lilikuwa hatua kumi kutoka mtini. Mdogo wako ndiye analisogeza, na anadhani ni mchezo wangu na yeye.

Leo nilifika hatua nne. Kinyonga akageuza jicho moja, andazi likanikwama. Kesho nitamwambia alirudishe mpaka tano.

Salimia mwenye nyumba wako. Mama yako anauliza kama sambaza za mara ya mwisho zilikuwa na mchanga.

Papa yako