Wako mjini, kazi ziko mjini, shida iko wapi?

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana kuna msomaji aliandika humu kwamba wenyeji wa Australia, Waaborijini, wanalishwa na serikali na hawataki kazi. Mimi naishi Sydney, na hayo maneno nayasikia sana hata kwa sisi wahamiaji wa Kiafrika, mtu ana miaka miwili hapa kapata kazi ya usafi au ya kutunza wazee basi keshakuwa mtaalamu wa kuwahukumu wenye nchi.

Kwanza tuelewane, watu wengi nyumbani wanadhani Waaborijini wote wako jangwani. Kwa makadirio ya 2021 karibu asilimia 41 wanaishi miji mikubwa, wa maeneo ya mbali ni kama asilimia 15 tu. Kwa hiyo ukiongelea ajira zao unaongelea mjini zaidi, treni, kodi ya nyumba, CV, mahojiano.

Sasa hiyo habari ya kutotaka kazi. Kuanzia Desemba 1968 wachunga ng'ombe wa Kiaborijini kule kaskazini walitakiwa walipwe sawa na wazungu, na wenye ranchi wengi wakaona bora wawaondoe, familia nzima zikabaki hazina pa kwenda. Ikaja posho ya serikali ya wasio na kazi, na wazee wenyewe ndo wakaanza kulalamika kwamba hela ya kukaa tu inawamaliza vijana. Mwaka 1977, enzi za waziri mkuu Malcolm Fraser, ukaanzishwa mpango unaitwa CDEP (Community Development Employment Projects, yaani miradi ya ajira ya jumuiya), na moja ya sehemu za kwanza kabisa ni Bamyili, jumuiya ya kulekule kaskazini, siku hizi panaitwa Barunga. Ulikuwa hivi: badala ya kila mtu kuchukua posho yake, hela inakuja kwa mkupuo kwa jumuiya pamoja na nyongeza ya vifaa na uendeshaji, jumuiya inaamua yenyewe kazi gani zifanyike na inawalipa watu wake kwa kazi za muda, na ukipata kibarua kingine nje unaongezea, hukatwi kama mtu wa posho. Yaani watu wameacha posho kwa hiari yao wafanye kazi. Huyo ndo mvivu?

Mwishoni mwa miaka ya 80 ukaingia mijini. Na hapa Sydney ulikuja wakati mzuri maana mtaa wa Redfern ndo moyo wa Waaborijini wa mjini, huduma yao ya sheria ilianza pale 1970, kliniki yao 1971, wote wamejianzishia wenyewe, halafu karakana za reli za Eveleigh zilizokuwa zinaajiri wengi wao zikafungwa miaka hiyohiyo ya mwisho wa 80. Kwa mtu aliyeacha shule mapema, hana leseni ya udereva, na pengine ana vikesi vidogo vya polisi vya ujanani, CDEP ya mjini ilikuwa mlango wa kwanza. Kukata majani, kukarabati nyumba, kuendesha basi la wazee, kulea watoto, na bosi wako ni mtu anayemjua bibi yako, ukikosa siku mbili kwa sababu ya msiba hakufukuzi, anakuja msibani. Mapema miaka ya 2000 nchi nzima walikuwamo kama watu 35,000.

Halafu Julai 2007 serikali ya waziri mkuu John Howard ikaufuta mijini na kwenye miji ya mikoani yenye ajira nzuri, hoja ikawa kwamba mjini kazi zipo, waende wakaombe kama wengine. Julai 2009 serikali ya chama cha Labor nayo ikamalizia maeneo yote yasiyo ya mbali. Sisi wote tunajua kazi kuwepo mjini na wewe kuipata ni vitu viwili tofauti, wageni tunabebwa na ndugu aliyetangulia anayemjua supavaiza, sasa mtu ambaye ukoo wake mzima ulikuwa kwenye mpango uliofutwa nani ambebe? Na vile vikundi vilivyokuwa vinalipa watu kwa hela ya CDEP vingine vikafa, hiyo hakuna anayeihesabu.

Kwenye kuhesabu pia kulikuwa na kituko, aliyekuwa CDEP alihesabiwa ana kazi, kwa hiyo mpango ulipoondolewa takwimu za ajira zikashuka na watu wakasema unaona, hawa hawafanyi kazi!

Sisemi CDEP ilikuwa safi. Hela ilikuwa ndogo, na halmashauri na idara nyingi zilipata ujanja, kazi ya kuzoa taka au ya msaidizi wa mwalimu ambayo ilitakiwa ilipwe mshahara kamili ikafanywa na mtu wa CDEP kwa hela sawa na posho miaka na miaka. Hilo lilitakiwa lirekebishwe kwa kupandisha mshahara, sio kwa kufunga duka.

Mwaka 2024 serikali ilitangaza dola milioni 707 kutengeneza ajira 3,000, za kweli, zenye mshahara na likizo, mimi nimefurahi kabisa. Ila ni za maeneo ya mbali tu. Mjini mpango huo haupo. Wangechukua mpango huohuo wakaupeleka Redfern, Mount Druitt hapahapa Sydney, Inala kule Brisbane, hela ipite kwenye vikundi vya wenyewe, na halmashauri zilipe kiwango cha kawaida cha kazi badala ya kutafuta wa bei rahisi. Msomaji aliyeandika akitaka kujua zaidi aje Redfern aulize, wazee wa pale wanaongea na mtu yeyote anayesikiliza.

Msomaji wenu,
Sydney