Msiwafundishe wasomaji kutoboa fenda hovyo

Ndugu Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa magari kuhusu kufunga flea za fenda, zile kingo pana za plastiki zinazokaa juu ya magurudumu ya magari ya njia mbovu, imeipanga kazi yote kwa hatua nne: pima, toboa, kaza skrubu za bati, paka rangi. Sisi tunaoshinda na bodi za magari tunaomba nafasi ya kusahihisha. Anayefuata mpangilio huo anajinunulia kutu.

Tuanze na skrubu. Bati la fenda halifiki unene wa milimita 1. Skrubu ya bati ikizama humo inashikwa na uzi mmoja, pengine hata huo haujatimia, na gari la aina hii halikosi mtetemo. Skrubu inaanza kucheza, tundu linapanuka, na kwa kuwa skrubu ilijikatia njia yenyewe, ukingo wa tundu umebaki chuma kitupu ambacho rangi haikuwahi kukigusa. Tope linalorushwa na tairi linafika hapo kila safari. Kutu huenea chini ya rangi, nawe huoni kitu, maana flea imeifunika.

Pale mkono unapofika nyuma ya bati, tumia bolti ya M6 (yenye kipenyo cha milimita 6) na nati yenye nailoni. Pale usipofika, tumia nati ya riveti, ile inayoingizwa kutoka upande wa nje na kubanwa kwenye tundu lenyewe. Nati ya riveti ya M6 kwa kawaida inataka tundu la milimita 9, kwa hiyo amua mapema ipi inakwenda wapi, kwani tundu likishakuwa la 9 halirudi kuwa la 6.5 linalotakiwa na bolti. Bolti zisizoshika kutu ni nzuri, ila zikigusana na bati tupu penye maji ya chumvi, linaloliwa ni bati, bolti inabaki inang'aa. Weka washa ya nailoni au raba kila upande, na ukingo wa tundu uwe umepakwa rangi kamili.

Kabla ya kutoboa, ishikize flea kwa tepu ya karatasi, kisha rudi nyuma hatua kadhaa utazame kama ya kushoto na ya kulia zinalingana. Weka alama kupitia matundu yake, gonga kwa senta panchi (chuma chenye ncha cha kuweka kidoa) ili drili isiteleze ikachora bodi, toboa kwa milimita 3, ndipo upanue hadi 6.5. Viringisha tepu kwenye drili sentimita 1 kutoka nchani iwe kizuizi. Fenda ya nyuma upande wa mdomo wa tangi ina bomba la mafuta, na nyaya za taa zinaweza kuwa hapo hapo. Fungua plastiki ya ndani ya fenda uangalie kwa macho, usikisie.

Tundu likishapatikana, kwangua ukingo kwa tupa ya mviringo, futa kwa spiriti, paka praima (rangi ya msingi) ya zinki mara mbili, iache ikauke, kisha rangi. Chenga za chuma zilizodondoka ziondolewe siku hiyohiyo, pamoja na zile zilizojificha ndani ya mkunjo wa bati. Zikilala na umande, asubuhi utakuta madoa ya kutu kwenye rangi ambayo jana ilikuwa safi.

Makala pia inashauri kuziba nafasi inayobaki kati ya bolti na tundu la flea. Nafasi hiyo, milimita 1 au 2, imewekwa makusudi. Plastiki ya ABS, inayotumika kwa flea nyingi, inatanuka kwa joto mara sita au zaidi kuliko chuma. Joto likibadilika kwa nyuzi 40, kipande cha mita 1 hurefuka milimita 3 hivi, na bati lililo chini yake nusu milimita tu. Ikikosa pa kusogea, flea inabenuka katikati ya bolti mbili au inapasuka kuanzia kwenye tundu. Ndiyo maana ukazaji huanzia bolti ya katikati, juu kabisa ya tairi, ukishuka kwa zamu pande zote mbili kwa vidole. Kisha spana ya mkono, mpaka ukanda wa raba uanze kubonyea. Simama hapo. Mashine ya kukazia haina kazi kwenye plastiki.

Huo ukanda wa raba, ambao makala haikuutaja kabisa, hukaa kati ya flea na bodi. Bila huo, vumbi linaloingia katikati linageuka msasa na kula rangi hadi kwenye bati. Ubandike bila kuuvuta, maana ukivutwa hurudi kwenye urefu wake na ncha zinaachia.

Kuhusu rangi, flea hupakwa kabla ya kufungwa. Ioshe kwa sabuni, ifute kwa spiriti, ipige msasa laini, kisha praima ya plastiki. Inayopakwa ikiwa imeshafungwa hubaki na ukingo usiofikiwa, na rangi huanza kubanduka hapo.

Sasa vipimo. Ukitoka tairi la 265 (upana kwa milimita) kwenda 285, upande wa nje unaongezeka milimita 10. Ukitoka rimu ya ofseti +30 (milimita kati ya katikati ya upana wa rimu na uso wake unaofungwa kwenye gari) kwenda ya 0, unaongezeka 30 nyingine. Jumla ni 40. Ninginiza uzi wenye nati kutoka ukingo wa fenda, pima tairi jipya limeupita uzi kwa kiasi gani, ndipo uchague flea.

Hata hivyo, flea inafunika tairi tu, haiongezi nafasi ya tairi kuzunguka. Kama tairi linagusa bodi unapokata usukani mpaka mwisho, au gurudumu moja linapopanda jiwe, litaendelea kugusa. Nafasi hupatikana kwa kuinua gari au kukata bati, na hapa picha ya makala imetushtua: fundi anakata kwa grainda ukingo wa fenda ya nyuma. Katika magari mengi ukingo huo ni mabati mawili, la nje na la ndani, yaliyounganishwa kwa welding ya nukta. Ukiukata wote, mabati yanaachana, na maji na vumbi vinaingia ndani ya bodi. Ni lazima yaunganishwe upya kwa welding, betri ikiwa imechomolewa, kisha yapakwe praima na kuzibwa kwa gundi ya bodi, hayo yote kabla flea haijaguswa.

Mafundi bodi na rangi