Pointi tatu za Monza

Tanga, 11 Januari 2026

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam aleikum. Hujambo? Watoto hawajambo, shemeji hajambo? Sisi wazima. Mama anakusalimu sana, magoti yake ni yaleyale, anasema ukija usisahau ile dawa ya kuchua ya kopo jekundu. Haya, salamu zimeisha, maana najua tangu ulipouona mwandiko wangu unajiuliza huyu leo kapatwa na nini hata anaandika karatasi kama tuko bado shule. WhatsApp nimerekodi sauti mara nne nikazifuta zote. Biti Omari anasafiri Alhamisi, nikaona bora nimpe barua pamoja na hiyo achari ya maembe. Karatasi huwezi kuijibu kabla sijamaliza kusema.

Sasa sikiliza. Juzi adhuhuri nilikuwa dukani, jua la kaskazi limewafungia watu majumbani, hata mteja wa plagi moja ya bodaboda hakuna. Nikachukua risiti ya umeme wa LUKU, nikaigeuza nyuma, nikapiga ile hesabu niliyokuwa naikimbia tangu msimu wa Formula 1 ulipokwisha Desemba. Lando Norris wetu wa McLaren pointi 423. Max Verstappen wa Red Bull 421. Monza, ile mbio ya Italia ya Septemba, wa pili anapata 18, wa tatu 15. Lando angebaki wa tatu, toa tatu kwenye 423.

Nikarudia kwa kikokotoo cha simu, labda simu ingenionea huruma. 420. Simu haina huruma.

Umeshinda ule ubishi wetu, Mwanaidi. Nimeliandika mapema nisije nikalizunguka weee mpaka nikalimeza. Bingwa wangu, niliyemsubiri tangu Hamilton alipokuwa kwetu mwaka 2008, ubingwa wake unapita kwenye nafasi aliyopishwa na mwenzake kwa amri ya timu. Kwa hesabu hiyo, Oscar Piastri, huyo mwenzake, angekaza shingo siku ile, kombe lilikuwa la Max kwa pointi moja.

Najua na mimi naweza kukujibu. Naweza kusema wangekimbia tofauti mbio zote zilizofuata. Naweza kukutajia Las Vegas, magari yetu yote mawili yakaondolewa kwenye matokeo kwa sababu ule ubao wa chini ulikuwa umelika kupita kiwango. Naweza kukutajia Qatar, wenzetu karibu wote wameingia kubadili matairi nyuma ya gari la usalama, sisi tumebaki barabarani kama watu waliosahaulika stendi. Ukianza hesabu za namna hiyo huzimalizi, ni kama kuongea na mtu wa Simba habari za refa. Lakini tatu ni tatu, na mimi ndiye niliyekutukana kwa ajili ya hizo tatu.

Acha nikusimulie Monza yenyewe, kwa sababu siku ile ulikuwa kazini na Chogo alivyoisimulia kwenye grupu alitia chumvi ya kutosha kukausha papa. Max yuko mbele kabisa, hashikiki. Lando wa pili, Oscar wa tatu. Kwa desturi anayetangulia ndiye anayeingia piti kwanza kubadili matairi. Safari hii wakamwingiza Oscar kwanza, mzunguko wa 45 kati ya 53, na Lando akakubali kwa sharti asije akarukwa. Akaingia naye, gurudumu la mbele kushoto likagoma. Sekunde 5.9! Mimi mwenyewe naijua ile hali, nati inakataa huku mteja kasimama juu ya kichwa chako. Akatoka, Oscar ameshapita. Ndipo ikaja redio kwa Oscar: mrudishie nafasi yake. Kijana akajibu kwa upole uleule wake wa Australia, kwamba si tulikubaliana kuchelewa piti ni sehemu ya mbio, sasa kimebadilika nini, lakini mkitaka nitafanya. Akafanya. Max alipoambiwa huko mbele, akacheka.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda cha Baba, mguu juu ya katoni ya mikanda. Nilifurahi, sikufichi. Nilipiga kofi moja. Halafu simu ikalia, wewe umeandika maneno matatu tu: "Kombe la sadaka."

Na ungekuwa mtu mwingine ningecheka. Lakini wewe! Mtu wa Ferrari! Mtu wa Austria 2002!

Unaikumbuka sebule yetu siku ile? Dishi lilikuwa limefungwa hata miezi miwili haijatimia, Baba hataki mtu aguse rimoti. Wewe kwenye mkeka na ile fulana nyekundu, umejishonea herufi kwa uzi mweupe, ile "R" moja imegeuka. Barrichello wa Ferrari katangulia toka alipoanza. Kona ya mwisho ya mzunguko wa mwisho, akaondoa mguu. Schumi, mwenzake wa timu, akapita wakati mstari unaonekana kabisa. Sekunde 0.182. Watu wakazomea pale uwanjani mpaka spika ya televisheni ikawa inakwaruza. Na Schumi alikuwa ameshashinda mbio nne kati ya tano, Mwanaidi, mtu huyo alikuwa anazihitaji za nini? Mwaka ule ubingwa aliuchukua Julai!

Ninachokumbuka zaidi ni wewe. Dereva wako kashinda na unalia. Mama akadhani umeumwa na siafu. Halafu Schumi akamsukuma Barrichello apande ngazi ya juu, akampa na kombe la mshindi, mimi nikasema tazama mnafiki yule. Baba akasema mwacheni, hajui pa kuweka mikono yake. Sikumwelewa. Ferrari wakapigwa faini ya dola milioni moja, na si kwa kupishana, ni kwa kuvuruga utaratibu wa jukwaani! Kuanzia msimu uliofuata wakubwa wakapiga marufuku amri za namna hiyo, na watu wakaanza kusema kwa mafumbo. Mafumbo yenyewe kama yale ya Hockenheim 2010, Massa wenu anaambiwa kwenye redio, Fernando ana kasi kuliko wewe, umeelewa? Nani asingeelewa. Na siku yenyewe ilikuwa mwaka mmoja kamili tangu ile springi iliyoruka imvunje Massa fuvu kule Hungary. Nakumbuka nilikutumia meseji siku ile, "mshaanza tena." Pointi saba mkampa huyo Fernando Alonso, na mwisho wa mwaka akaukosa ubingwa kwa nne. Nilicheka wiki nzima.

Miaka yote hiyo nilikuita mpishwa. Ulinitajia Melbourne 1998, Coulthard wetu alivyomsubiri Häkkinen mwenzake apite wakati mizunguko imebaki michache tu, nikajifanya sikusikia, baadaye nikasema yale yalikuwa makubaliano ya madereva wenyewe, ahadi si amri. Bado naona kuna tofauti. Ila siku hizi siioni kubwa sana.

Haya. Nimefika.

Nilichokujibu kwenye grupu Septemba ile, saa tatu usiku: "Wewe tena si mgeni wa kupishwa." Chogo akaweka vile vikatuni vyake vya kucheka mpaka machozi. Wote walidhani nasema Ferrari. Wewe ukatoka kwenye grupu bila neno. Nikajua umeelewa, na nikajua kwamba nilitaka uelewe.

Hatujawahi kulizungumza la 2009, si ndiyo? Miaka kumi na sita. Wakala alikuja na nafasi moja ya kazi ya kaunta Uarabuni, jina langu la kwanza, lako la pili. Watu wanadhani nilikosa pasipoti. Baba hakunigombeza, hakupandisha hata sauti. Alikuwa anachambua nati kwenye sinia, namba kumi huku, kumi na mbili huku, akasema bila kuinua macho, "Mwenzio ana wadogo watano. Na mimi duka hili nitamwachia nani?" Basi. Nami nikaenda kumwambia wakala kwamba nimeghairi, nikaja kwenu nikakuambia kwamba sipendi joto la Uarabuni. Joto! Mtoto wa Tanga!

Mshahara wako wa kwanza ukaninunulia ile Nokia. Ukaituma kwa mtu, imefungwa na kanga mbili na kikaratasi hakina hata maneno, jina langu tu. Nikamwambia Mama unajionyesha. Niliiweka kabatini miezi mitatu bila kuiwasha. Leo nimeitafuta, bado ipo, betri imevimba kama andazi.

Juzi, baada ya ile hesabu ya LUKU, nimekaa nikamfikiria Oscar kidogo, kwa sababu Oscar namjua, huyo ni mimi. Anapisha, halafu anaulizwa kwenye maikrofoni kama ana kinyongo, anasema hapana, timu kwanza. Na hakuendesha tena kama mwanzo baada ya hapo, mwangalie mbio za Baku wiki mbili baadaye, kaingia ukutani mzunguko wa kwanza tu. Siwezi kusema ni kwa sababu ya Monza, lakini nilimwonea huruma. Halafu nikamfikiria Lando, na hapo nikakwama. Sikuwahi kumfikiria aliyepishwa. Miaka yote nilidhani mwenye kuumia ni mmoja tu pale. Mtu anakimbia na nafasi ambayo kila mtu anajua si yake, akifanya vizuri wanasema kapewa, akifanya vibaya wanasema kapewa na bado. Ulipanda ndege ile ukiwa na miaka ishirini na moja, na mimi sikukusindikiza hata stendi. Nilisema duka lina wateja.

Usifikiri nilipisha kwa moyo mweupe halafu nikageuka. Nilipisha na kinyongo changu mfukoni, nimekaa nacho mpaka kimezeeka, Septemba kikatoka kwenye simu. Nisamehe. Baba naye, Mungu amrehemu, sijui kama alikosea. Wadogo zako wote watano wamesoma. Duka bado lipo. Kuna siku naona alifanya sawa na kuna siku namkasirikia nikiwa nafuta vumbi picha yake.

Ila usione nimekuwa mtu mzima ukadhani utani umekufa! Hamilton wenu, mlivyompokea kama bwana harusi, mwaka mzima hakukanyaga jukwaa hata Jumapili moja. Ferrari nzima haikushinda Jumapili hata moja! Na mbio za Miami mlivyokawia kuamua nani ampishe nani, mpaka akawaambia kwenye redio wapumzike kabisa wanywe chai. Nyinyi mliokuwa walimu wa dunia kwenye amri za timu, sasa hata amri mnachelewesha. Nilicheka peke yangu, hakuna wa kumwambia. Grupu bila wewe limebaki Chogo na picha zake za kuku. Amehamia Red Bull, alikuambia? Eti alikuwa Red Bull toka zamani, moyoni. Mtu aliyechora nembo ya Ferrari kwenye tangi la pikipiki, na rangi kauziwa na mimi kwa mkopo ambao hajalipa mpaka leo.

Duka si baya. Spea za Kichina zimepanda bei, bodaboda wanataka za bei ya mwaka juzi. Mtoto wa dada yangu ameanza kunisaidia, ana mikono ya Baba, ananusa oili kabla ya kusema ni ya aina gani. Ni yeye aliyeniuliza Jumapili ile ya mwisho wa msimu, Lando ameshika nafasi ya tatu na mimi nang'ata kucha, "Shangazi, sasa kwa nini yule wa pili hampishi mwenzake awe salama?" Nikamwambia nyamaza, tazama mbio.

Sasa niambie wewe. Ulikuwepo kweli Yas Marina, kwenye ile mbio ya mwisho Abu Dhabi? Biti Omari kanionyesha picha, mtu kavaa kofia nyekundu juu ya kile kilima cha majani, nikasema huyu ni Mwanaidi, yeye anasema siye. Ulikwenda na nani? Oscar alipomaliza wa pili watu walimpigia makofi, au wote macho kwa Lando? Ulifurahi hata kidogo kwa ajili yangu, au ulikuwa unaomba Lando awe wa nne? Sema kweli, sitakasirika. Oscar angekataa Monza, wewe ungemwona shujaa au mkaidi? Ile Nokia ulinunua wapi, na kwa nini hukuandika kitu kwenye kile kikaratasi? Uliwahi kutamani kurudi, miaka ile ya mwanzo? Idi unakuja au shemeji amebadilisha tena ratiba? Ukija utalala kwetu au mpaka tugombanie na mama yako? Machi wanaanza Melbourne na magari mapya, itakuwa asubuhi kwetu; nikupigie, au utaniachia niongee peke yangu na televisheni?

Na grupu, nikurudishe? Mimi ndiye admini siku hizi, Chogo alichoka.

Achari usiiweke jotoni, mafuta yake yatapanda.

Ni mimi,
Rehema

Mama amesimama mlangoni, anasema niandike tena: kopo jekundu, si lile la kijani, la kijani halimfanyi kitu.