Posada ianze na hodi, piñata ije mwisho

Mhariri,

Mwalimu wa Kihispania anayetaka kuwafundisha watoto Krismasi ya Meksiko hukimbilia piñata, chombo kilichojazwa peremende kinachoning'inizwa ili kivunjwe. Mtoto anafungwa kitambaa, anapewa fimbo, peremende zinamwagika, kengele inalia. Huo ni mchezo wa bethidei. Posada bado haijafundishwa.

Posada maana yake ni malazi ya msafiri. Kuanzia tarehe 16 hadi 24 Desemba, usiku tisa kwa miezi tisa ya ujauzito wa Mariamu, watu huandamana wakipiga hodi nyumba kwa nyumba, wakiigiza Mariamu na Yosefu wakitafuta malazi. Asili yake huhusishwa na watawa Waagostino wa Acolman, huko Meksiko, waliopata kibali cha Papa Sixtus V mwaka 1587 kuadhimisha misa za siku hizo.

Kwa hiyo somo liko mlangoni. Ligawe darasa: nusu nje, nusu ndani. Walio nje wafukuzwe mlango wa kwanza na wa pili, wa tatu wafunguliwe. Wimbo ni mrefu, beti mbili zatosha. Zikizidi, walio ndani huchoka kusubiri na kuanza kusukumana.

Angalia sarufi. Walio nje huimba "os pido posada" (nawaomba malazi), walio ndani hujibu "sigan adelante" (endeleeni mbele). Hiyo "os", yaani "ninyi" wanaoombwa, ni ya Uhispania. Wameksiko hawaitumii katika mazungumzo, kwa hiyo mwambie mtoto aiache humo humo wimboni. "Pido" nayo hutoka kwenye "pedir", kuomba, e ikageuka i. Mtoto asipoonywa atasema "pedo", na hapo atakuwa ametaja ushuzi mbele ya Mariamu na Yosefu. Matamshi ya ñ hayana taabu, ni "ny" yetu ile ile.

Darasa lenye dini mbalimbali liigize hodi tu. Sala ya rozari, ambayo huambatana na posada, iachwe kwa wenyewe.

Sasa piñata. Ile ya asili ni chungu chenye pembe saba, dhambi saba za mauti. Chungu hakifai kwa watoto, vigae hukata. Tumia puto na gazeti hili likishasomwa, lichanwe vipande vya upana wa vidole viwili. Gundi ni unga wa ngano kikombe kimoja, maji kimoja na nusu. Bandika tabaka tatu, kila moja likauke kabisa kabla ya jingine. Ukiharakisha, puto hunywea na karatasi mbichi hubonyea. Ukipita tabaka tano, hakuna mtoto atakayeivunja. Acha tundu la kutilia vitu, kisha bandika pembe saba za karatasi ngumu.

Ndani, Wameksiko hutia karanga, machenza na vipande vya miwa pamoja na peremende, na vyote vipo sokoni kwetu. Chora duara la mita tatu kuizunguka, asivuke mtu mpaka fimbo iwe mikononi mwa mwalimu. Shule zetu hufungwa kabla ya tarehe 16, basi anza kubandika wiki mbili kabla ya kufunga.

Mwalimu wa lugha,
Arusha