Barua ya wazi kwa vijana wanaoandika habari za uchaguzi wa Marekani

Wanangu,

Kila uchaguzi wa Marekani ukiisha kwa tofauti ndogo, habari za Kiswahili huchanganya pingamizi la matokeo ya urais na pingamizi la kiti cha mbunge. Yote mawili huishia bungeni, lakini kila moja lina mlango wake.

La urais nalipitia haraka, maana ndilo mnalolijua. Tarehe 6 Januari mabaraza yote mawili ya bunge, Baraza la Wawakilishi na Seneti, huketi pamoja kuhesabu kura za wajumbe wa uchaguzi, yaani wale wanaomchagua rais kwa niaba ya majimbo, Makamu wa Rais akiongoza kikao. Kwa sheria ya 1887, mwakilishi mmoja na seneta mmoja walitosha kusimamisha hesabu ya jimbo. Mwaka 2021 zilipingwa hivyo kura za Arizona na Pennsylvania, na pingamizi zote mbili zikakataliwa. Tangu sheria ibadilishwe 2022, saini zinatakiwa kutoka moja ya tano ya kila baraza: viti vyote vikiwa na watu, ni wawakilishi 87 na maseneta 20. Makamu wa Rais hana mamlaka ya kuamua lolote juu ya kura hizo. Mkiandika kwamba "ameidhinisha ushindi", mmempa kazi isiyo yake.

Sasa la kiti cha ubunge, ambalo ndilo linalowaponyoka. Ibara ya 1, kifungu cha 5 cha Katiba inasema kila baraza ndilo hakimu wa uchaguzi wa wabunge wake. Mahakama za jimbo zinaweza kusimamia kura kuhesabiwa upya, lakini neno la mwisho la nani aketi si lao. Kwa Baraza la Wawakilishi, utaratibu uko katika sheria ya 1969. Aliyeshindwa ana siku 30 tangu matokeo yatangazwe rasmi kuwasilisha notisi kwa Katibu wa Baraza na kumfikishia mpinzani wake nakala. Mpinzani naye ana siku 30 za kujibu. Hapo ushahidi wa kiapo hukusanywa, kamati ya utawala ya Baraza hupima, kisha Baraza zima hupiga kura, na wingi wa kawaida unatosha. Wakati huo wote mwenye cheti cha ushindi kutoka jimboni kwa kawaida ameshaapishwa na anafanya kazi.

Pingamizi nyingi hufa mapema, na chanzo mara nyingi ni kilekile: mlalamikaji anaonyesha kasoro bila kuonyesha kwamba kasoro hizo zinageuza matokeo. Chukueni kiti cha California cha 1996, Robert Dornan, aliyeshindwa, dhidi ya Loretta Sanchez. Tofauti ilikuwa kura 984. Baada ya zaidi ya mwaka wa uchunguzi, kamati ilihesabu kura 748 zilizopigwa isivyo halali. Ni nyingi, na ni aibu kwa waliosimamia orodha ya wapiga kura, lakini 748 haifiki 984. Shauri likatupwa Februari 1998. Kwa hiyo kabla ya kichwa cha habari, wekeni namba mbili sambamba: pengo la kura, na kura zinazobishaniwa.

Pengo likiwa dogo kweli, siasa huingia. Indiana, wilaya ya nane ya uchaguzi, 1984: jimbo lilimpa cheti Richard McIntyre wa Republican, na hesabu ya marudio ikampa ushindi wa kura 418 baada ya maelfu ya kura kutupwa kwa kasoro za kiufundi. Baraza, likiwa mikononi mwa Democrat, lilikataa kumwapisha yeyote na kuunda kikosi cha watu watatu, wawili wa Democrat na mmoja wa Republican. Hesabu yao ikampa Frank McCloskey wa Democrat ushindi wa kura 4. Ugomvi mkubwa ulikuwa kura 32 za wasiokuwepo vituoni zilizoachwa bila kuhesabiwa kwa sababu ya kasoro, ilhali upande wa Republican ulisema nyingine zenye kasoro kama hiyo zilishahesabiwa. Tarehe 1 Mei 1985 McCloskey akakubaliwa kwa 236 dhidi ya 190, na Republican wakatoka ukumbini. Angalieni pia kwamba shauri hilo halikuanza kwa notisi ya mgombea: Baraza lilianza lenyewe kwa azimio, siku ya kwanza ya kikao. Likitaka, linaweza.

Mlalamikaji akiruka mahakama za jimbo, hoja yake hudhoofika hata kama namba zinambeba. Iowa 2020, Rita Hart alishindwa kwa kura 6 na kudai kura 22 halali ziliachwa nje, akaenda moja kwa moja kwenye Baraza. Alishambuliwa kwa hilo kuliko kwa kura zenyewe, na akajiondoa 31 Machi 2021.

Seneti ina njia yake, na hukumu yake si lazima impe mtu kiti. New Hampshire, 1974, matokeo ya mwisho ya jimbo yalimpa Louis Wyman ushindi wa kura 2 dhidi ya John Durkin. Seneti ilibishana kwa miezi ikashindwa kuamua, ikatangaza kiti kiko wazi, na uchaguzi ukarudiwa Septemba 1975. Durkin akashinda, mara hii kwa maelfu ya kura. Mkisikia "kiti kiko wazi", msiandike kwamba mlalamikaji ameshinda. Ulizeni tarehe ya uchaguzi wa marudio.